Kikundi cha kusoma vitabu vya porini: cha tatu kisife

Swali: Sisi ni watu 11 hapa Arusha, tunatembea milimani na porini mwisho wa wiki. Kati yetu yupo nesi, mwalimu wa sekondari, madereva wawili wa watalii, wanafunzi, na mama mmoja mwenye duka la nafaka. Tulitaka kusoma pamoja vitabu vya stadi za porini: ramani, huduma ya kwanza, hali ya hewa, kujiokoa ukipotea. Tulinunua kitabu kinene cha Kiingereza, kila mtu akapewa sura akasomee nyumbani aje atueleze. Kikundi kilikufa baada ya vikao vitatu. Tukaanza upya, kikafa tena vilevile. Wenye Kiingereza walisema sana, wengine wakanyamaza. Tuanze na kitabu gani, tukiendesheje, na je, si afadhali tufanye yote WhatsApp? Dada wa Njiro.

Jibu: Dada, kilichowaua umekitaja mwenyewe: sura ya kwenda kusomea nyumbani. Dereva anarudi na wageni saa tatu usiku, mama anafunga hesabu za duka, mwalimu ana madaftari ya kusahihisha. Siku ya kikao wamesoma wawili, tisa wamekuja kusikiliza, na kikao kinageuka kuwa hotuba. Hotuba ya kwanza watu huvumilia. Ya tatu wanakumbuka kwamba wana msiba, wana mgonjwa, gari limeharibika.

Kwa hiyo ondoeni kazi ya nyumbani kabisa. Kitabu kisomwe palepale, kwa sauti, ukurasa mmoja au miwili, na kinachosomwa kifanywe kwa mikono siku hiyohiyo. Mkiniuliza kanuni ni ipi, ni hiyo tu: hakuna ukurasa unaosomwa usiofanywa. Aliyepata Kiingereza na asiyepata wanakuwa sawa mbele ya kamba.

Mbinu hii ina umri mrefu. Baden-Powell, yule mzee aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipotoa kitabu chake cha skauti mwaka 1908 hakikutoka kizima. Kilitoka vipande sita, kimoja kila baada ya wiki mbili. Vijana wa Uingereza walinunua kijitabu, wakakisoma pamoja, wakaenda kujaribu vichakani huku wakingoja kipande kinachofuata, na wengi walijiundia vikundi vyao bila mtu mzima kuwaita. Mwandishi mwenyewe alikuwa askari wa himaya ya kikoloni, na ana kurasa ambazo leo mtazisoma mkikunja uso. Lakini ule mpango wa kipande kidogo, kisha siku za kujaribu, kisha kipande kingine, sijaona ulioushinda. Wiki mbili zinatosha kufanya jambo bila kulisahau.

Sasa tazama linavyokuwa kwa vitendo. Chukueni fundo lile la kitanzi kisichokaza, ambalo waokoaji humfungia mtu kiunoni. Kila mtu awe na kamba yake ya mita mbili au tatu, unene wa kidole cha mwisho. Mmoja anasoma, mikono nyuma, haruhusiwi kuonyesha. Wengine wanafunga wakifuata maneno tu: tengeneza kitanzi kidogo, upande wa ncha ulale juu ya upande mrefu, ingiza ncha kitanzini kutoka chini, izungushe nyuma ya upande mrefu, irudishe kitanzini ilikotokea, vuta. Utaona mambo. Nusu ya watu watatengeneza kitanzi kinyume, ncha ikiwa chini badala ya juu, na wakivuta fundo linafunguka lote mkononi. Atakuwepo mmoja atakayeuliza, “Upande mrefu ni upi, huu ulioshikwa au huu unaoning’inia?” Swali hilo ndilo kikao chenyewe. Msomaji anarudia sentensi, wanabishana, mama wa duka ambaye amefunga magunia miaka yote anasema jambo ambalo kitabu hakina. Mwisho wa nusu saa watu wote wanajua fundo, na wanajua pia ni sentensi gani ya kitabu ilikuwa mbovu. Iandikeni upya kwa Kiswahili chenu kwenye daftari la kikundi.

Daftari hilo ni muhimu kuliko kitabu. Baada ya mwaka ndilo litakuwa kitabu chenu.

Kuhusu lugha, msimpe kila mtu kitabu cha Kiingereza mkatumaini. Asome anayeweza, aya moja, halafu mtu mwingine, si yuleyule, aseme kwa Kiswahili alichosikia. Kwa huduma ya kwanza hamhitaji hata hivyo: ipo tafsiri ya Kiswahili ya kitabu maarufu cha David Werner, “Mahali Pasipo na Daktari”, na imeandikwa kwa ajili ya kijiji kilicho mbali na hospitali, yaani hali ileile mnayokuwa nayo mkiwa saa tano kutoka kwenye gari. Nesi wenu aongoze sura hizo. Kazi yake isiwe kufundisha. Awe wa kukataa: pale ambapo chapa mliyo nayo ni ya zamani na hospitali siku hizi inafanya tofauti, aseme, na iandikwe pembeni kwa penseli pamoja na tarehe.

Hilo la chapa za zamani nataka mlichukulie kwa uzito, maana vitabu vingi vya porini vinavyouzwa mitumba vina miaka 30 au 40. Mfano mkubwa ni nyoka. Vya zamani vitawaambia mchane jeraha, mfyonze sumu, mfunge kamba juu ya jeraha ikaze. Shirika la Afya Duniani linasema yote matatu yasifanywe. Mtu atulizwe, avuliwe pete, saa na viatu vinavyobana kabla ya uvimbe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, kifungwe banzi kama aliyevunjika, na apelekwe hospitali kwa haraka bila kutembea kwa miguu yake ikiwezekana. Katika watu 11 wa Arusha hatakosekana mwenye jiwe la nyoka mkobani, lile jeusi linaloaminika kufyonza sumu. Msimcheke, lakini andikeni wazi kwamba jiwe halichukui nafasi ya hospitali, na kila dakika ya kulibandika ni dakika ambayo gari lingekuwa njiani. Halafu fanyeni zoezi: mmoja alale chini awe ameumwa na kifutu mguuni, wengine wamfunge na wambebe mita 200 kwa mashuka na fimbo mbili. Mita 200 tu. Mtaelewa kwa nini kitabu kinasisitiza idadi ya watu.

Jambo la pili la kusoma kwa jicho kali ni hili: vitabu hivi vingi vimeandikiwa nchi za kaskazini. Mtu wa Ulaya akiambiwa jua la adhuhuri liko kusini, ni kweli kwake mwaka mzima. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini ya ikweta. Adhuhuri ya Juni jua letu liko kaskazini, ya Desemba liko kusini, na mwanzoni mwa Oktoba linakaribia kuwa utosini, kivuli unakikanyaga. Ile mbinu ya kuelekeza mshale wa saa kwenye jua ili kupata kusini haifai hapa. Nyota ya kaskazini nayo msiitafute, imezama chini ya upeo wetu. Inayofanya kazi ni kijiti na kivuli: simika kijiti wima, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka kokoto ya pili. Ya kwanza iko magharibi, ya pili mashariki. Fanyeni uwanjani asubuhi moja, kisha mlinganishe na dira. Zoezi hili halina gharama na huwafurahisha hata wanaojiona wameshajua yote.

Na hapo ndipo mtaanza kuona kwamba mna maktaba nyingine ambayo haijachapwa. Watu wa pwani walikuwa na usemi wao kuhusu nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota linaloonekana vizuri jioni za Desemba na Januari, likapotea magharibi kuelekea Mei, kisha likaonekana tena mashariki alfajiri za Juni. Mpeni mwanafunzi mmoja kazi ya kuandika mwaka mzima: lilizama lini, mvua ilikuwaje, lilizuka lini. Usemi nao ni maandishi ya kujaribiwa kama ukurasa wowote. Vivyo hivyo mkimwalika mzee mfugaji awaeleze nyayo au maji, mlipieni nauli, mpeni chakula, muulizeni nini kiandikwe na nini kisiandikwe, kisha nendeni naye porini akawaonyeshe.

Maji nayo ni somo lenu hasa. Kila kitabu kitasema chemsha. Sawa: chemsheni mpaka yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu. Lakini nyie mnaishi chini ya Meru, na mito na chemchemi nyingi za upande huo zina floridi kwa wingi; meno ya kahawia ya watu wa huko mmeyaona. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floridi, na maji yakipungua sufuriani floridi inabaki imejikusanya zaidi. Kwa safari ya siku moja haina shida kubwa. Kwa mtu anayetaka kuwafundisha watoto wa shule “maji salama ya porini”, ni aya ambayo haimo kwenye kitabu chake cha kigeni.

Ramani ningeitenga peke yake, vikao vitatu au vinne, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya zaidi, hasa siku hizi za simu. Tafuteni karatasi ya 1:50,000 ya eneo mnalotembea, hizi zinazotolewa na serikali kupitia Upimaji na Ramani. Sentimita mbili ni kilomita moja, miraba ni ya kilomita moja moja. Nyingi zilipimwa zamani, kwa hiyo barabara na vijiji vitakuwa vimehama, ila bonde halihami. Kabla ya kwenda mlimani, mama alete viazi. Kateni kiazi nusu kwa urefu, nusu moja ilale kifudifudi mezani iwe mlima. Katakateni mlalo, vipande vyenye unene sawa. Wekeni kipande cha chini kabisa kwenye karatasi, zungusheni penseli. Kisha kinachofuata juu yake, zungusheni tena ndani ya duara la kwanza, mpaka kileleni. Hiyo ni ramani ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ya kiazi chenu. Upande uliokuwa na mteremko mkali, mistari imebanana. Kabla ya kukata, mtu atoboe kibonde kwa kijiko ubavuni aone mistari inavyojikunja kuelekea kileleni. Nimeona watu waliopanda Kilimanjaro zaidi ya mara moja wakielewa kontua kwa mara ya kwanza wakiwa na kisu na kiazi.

Kutoka hapo someni kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892 na bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kilomita nane zenye kupanda mita 600 ni saa mbili na dakika 36. Pigeni hesabu kabla ya safari, kila mtu aandike makadirio yake na kuyakunja, kisha mtembee na saa. Msituni kwenye tope la masika mtachelewa sana kuliko Mskoti. Gawanyeni muda wenu halisi kwa muda wake mpate kizidisho cha kikundi chenu, mkitumie safari inayofuata. Huko ndiko kusoma.

Mkifika kwenye sura ya ugonjwa wa mwinuko, madereva wenu watakuwa na mengi ya kusema. Miongozo ya tiba inashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na uwe na siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Sasa wekeni mezani njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, na vibanda vyake vya kulala: Mandara takriban mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila hatua ni mita 1,000. Waulizeni: je, kitabu kimekosea, au ratiba? Ndipo mtaelewa kwa nini siku ya ziada Horombo si ya kupiga picha, na kwa nini kichwa kikiuma na chakula hakishuki, mtu hapandi tena siku hiyo. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, anashushwa usiku huohuo.

Msisome miongozo peke yake. Someni na taarifa za ajali. Mwaka 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu kwenye korongo la Hell’s Gate, Kenya. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya korongo, wakati mlipo hapana tone. Chukueni habari ya magazeti mawili tofauti, msome kwa sauti, na mjiulize swali moja tu: ni wakati gani kurudi kulikuwa bado kunawezekana? Mwenyekiti wa siku hiyo azuie kabisa maneno ya “mimi nisingeingia”. Waliofariki wana ndugu, na aliyezungumza hivyo hajajifunza kitu. Jadilini ishara: mawingu yako wapi, maji yamebadilika rangi lini, ngazi ya kutokea iko umbali gani.

Kuna kurasa za kusoma bila kufanya, na nimeshasema hakuna ukurasa usiofanywa, basi hizi ndizo zilizo nje ya kanuni: kuteremka jabali kwa kamba, kuvuka mto uliofurika, kukamata nyoka, uyoga, na mimea ya kula msiyoijua tangu utotoni. Jina moja la mmea linaweza kuwa mimea miwili ukivuka bonde moja tu. Haya yanafundishwa na mtu aliye mbele yako. Moto nao: kwenye hifadhi za taifa hamruhusiwi kukusanya kuni wala kuwasha moto kiholela, na moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 bado mnaukumbuka. Sura ya kuwasha moto ifanyieni nyumbani kwa mtu, kwenye ua, na ndoo ya maji pembeni. Msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ombeni kibali kwanza, hata kama mnaenda kusoma tu.

Kitabu gani? Siwapi orodha. Chukueni kimoja cha ramani, kimoja cha huduma ya kwanza, nakala moja moja ya kikundi, kwa mchango. Pitieni kwanza maktaba ya mkoa. Msirudufu kitabu kizima stesheneri, hiyo ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa kujiokoa hauna hakimiliki nchini kwao na unapatikana bure, ndiyo maana kila mtu anao kwenye simu. Una kurasa nzuri za maji na kivuli. Ila kumbukeni umeandikiwa askari aliye peke yake anayejificha asionekane na adui, ilhali nyie mkipotea mnataka muonekane na kila mtu.

Watu 11 wanatosha, ila wakati wa vitendo gawanyikeni wawili wawili au watatu, la sivyo wanne watafanya na saba watatazama. Saa moja na nusu, mlango ufungwe muda ukifika. Msomaji abadilike kila kikao, na mwandishi wa daftari vilevile. Wale waliosema sana safari zilizopita wapeni kazi ya daftari kwanza. Anayeandika hana nafasi ya kuhutubia. Mahali pawe pana na sakafu ya kulala mgonjwa wa uongo. Baa haifai, kwa kelele kabla ya kingine chochote.

WhatsApp itumieni kwa mambo mawili: tarehe ya kikao, na picha ya ukurasa wa daftari baada ya kikao. Mtu akituma video ya “mbinu tano za kujiokoa na simba”, mjibuni ailete kikaoni, isomwe na ijaribiwe. Hataileta.

Kikao cha kwanza kiwe cha fundo, kwa sababu kamba ni rahisi kupatikana na hakuna anayeweza kujifanya amefunga. Cha pili viazi. Cha tatu, kile ambacho mara zote mmekufa nacho, kiwekeni nje ya mji kabisa, Jumamosi asubuhi, ramani mkononi na makadirio ya muda yamekunjwa mfukoni. Mkipata kizidisho chenu niandikie kilikuwa ngapi.